Kuhusu Watoto Saba Waliohamia Kwangu

Berlin, mwezi wa Juni

Mheshimiwa Mkuu wa Uandikishaji wa Shule za Msingi,

Nimepokea barua yako, nikaisoma, nikakasirika, nikanywa chai, nikakasirika tena. Unasema utawafuta shuleni watoto saba walioandikishwa kwa anwani yangu kwa sababu "hawaishi hapo kwa kweli". Nakujibu kwa heshima zote.

1. Watoto hawa walihamia kwangu kihalali. Mpaka wa eneo la shule ile inayogombaniwa, ambayo huchukua watoto wa upande wake tu, unapita katikati ya mtaa wetu, nami niko upande wenye bahati. Wazazi wao wamebaki walikokuwa kwa sababu ya kazi, na wewe unajua wazazi wa siku hizi walivyo na kazi. Bi Riedel, mmoja wa wazazi hao, aliponiletea jina la mwanawe, alisema, "Bi Karstens, huyu wala hutamsikia." Ni kweli, sijamsikia.

2. Unauliza chumba kimoja na jiko vinatoshaje watu wanane. Mama yangu alitulea sita katika jiko moja baada ya vita, na hakuna ofisi iliyomwandikia. Karani wako, Bwana Petzold, alinipigia simu: "Sasa mama, hao wote wanalala wapi?" Nikamwambia, "Kwa zamu, mwanangu." Akacheka. Sikuona cha kuchekesha, na naomba aonywe.

3. Jirani wa chini, Bwana Wuttke, amekuandikia kwamba hajawahi kusikia mtoto. Bwana huyu hunigongea dari nikifunua gazeti saa za mapumziko, ambazo kelele ni marufuku. Kama hajawasikia, basi Berlin nzima haina watoto wenye adabu kama wangu: hawakimbii ngazini, hawadundishi mpira Jumapili, na baiskeli zao hazizibi mlango. Unawaadhibu kwa malezi mema?

4. Kwa hiyo naomba wasifutwe, nialikwe kwenye mkutano wa wazazi, na nichaguliwe mwenyekiti, maana hakuna mzazi mwenye watoto wengi kunizidi.

Nisalimie wote hapo ofisini, na Bwana Petzold pia, ingawa hastahili.

Wako mwenye heshima na familia kubwa,
Bi Hedwig Karstens

N.B. Ile mifuko mirefu ya karatasi ambayo kila mtoto hupewa siku ya kwanza ya shule nimeshaitengeneza yote saba na kuijaza peremende. Tafadhali nitumie anwani za watoto, maana sijui niipeleke wapi. Na kama yupo hata mmoja anayeweza kuja kuuchukua wake mwenyewe, mwambie nipo. Siku yoyote nipo.