Karafuu Kabla ya Adhana

Jumatatu, 17 Novemba 2003

Gego la mwisho la kushoto limevimba tena. Mara ya tatu mwaka huu. Daktari Pramila, mzaliwa wa Mombasa, hunigombeza kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha. Amenionyesha picha: jino limelala ubavu ndani ya ufizi, limemwegemea jirani yake kama abiria aliyesinzia kwenye basi. Anasema litolewe kesho. La kulia nalo limeinama, ila halisumbui, liachwe.

Nimekataa. Mwadhini wetu hapa Kilburn amehamia Leicester, na Ijumaa imamu anachagua mwingine: mimi au Zulfikar, muuza mazulia. Mtu mwenye nyuzi kinywani ataadhini vipi? Pramila akasema basi niliombe radhi jino jirani.

Jumatano, 19 Novemba

Shavu kama nimeficha andazi. Na ni Ramadhani. Zulfikar ameniuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwenye viatu mlangoni mwa msikiti, kama daku yangu bado inaendelea. Wazee wazima wakacheka. Nimejifunga skafu hadi puani. Mke wangu Mwanabaraka anasema nafanana na kifurushi cha posta.

Ijumaa, 21 Novemba

Jana alijaribiwa Zulfikar. Sauti ikakwaruza. Leo zamu yangu, adhana ya magharibi. Mpango: karafuu moja nyuma ya gego. Sitafuni, simezi, imekaa tu. Mwanabaraka anasema hiyo ni fatwa ya jino.

Takbira ya kwanza safi kabisa. Ya pili, karafuu ikaruka, ikatua kwenye sahani ya tende ya imamu. Zulfikar akanusa, akauliza pilau inapikwa wapi. Imamu akataka kujua karafuu ilikuwemo tangu lini. Nikajibu, kwa haraka ya kijinga, tangu adhuhuri.

Adhana ameimaliza Zulfikar. Mimi nina siku moja ya kulipa.

Jumapili, 23 Novemba

Gego lilitolewa jana. Jirani naye ameoza ubavuni, kwa sababu mara mbili zile za mwanzo nilisema nitarudi. Zulfikar ndiye mwadhini. Anavuta sauti kama anapandisha zulia ngazini.

Tangu alfajiri gego la kulia linapwita. Pramila aliagiza nikisikia chochote nimpigie simu siku hiyo hiyo. Sipigi. Idi ni Jumanne, na wa kuongoza takbira bado hajapatikana. Kosa lilikuwa karafuu: inanuka. Nimenunua iliki.