Mgomo wa Saa Moja kwa Ajili ya Maziwa ya Chai

Chai ya wakamuaji haikuwa na maziwa. Watu wanne waliwakamua ng'ombe wote wa Mzee Gathii kule Endebess, kisha wakanywa turungi.

Tegeni masikio basi, enyi watu wa Kitale na Bungoma, wenye kazi na mnaoitafuta, niwasimulie vita vya Wekoye wa Bumula, Simba wa Kiwele, Bwana wa Ndoo, ambaye vidole vyake viliwasinzisha ng'ombe wakali.

Kabla jua halijaugusa Mlima Elgon, shujaa alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akayahutubia majeshi yake, yaani Dinah, Hesbon na Kipngetich.

"Enyi mashujaa wa zizi, leo hakuna kukamua kwa muda wa saa moja, mpaka lori la maziwa lifike."

"Saa moja peke yake?" Dinah akamcheka. "Huo ni mgomo ama ni kwenda choo? Si tugome wiki nzima, bana."

"Dada, kwa wiki moja Mzee ataleta wengine kutoka Tongaren. Asubuhi hii atamtoa wapi mtu?"

Majeshi yakaketi. Zizini ng'ombe wakaanza kulia kama tarumbeta za vita. Mzee Gathii akatokea, amejihami kwa gambuti na koti la mvua.

"Ati mmegoma? Mnakamua ng'ombe ama mnanikamua mimi?"

"Mzee, tunaomba maziwa ya chai tu."

"Maziwa ni ya kuuza. Nitakamua mwenyewe."

Akachuchumaa chini ya Malkia, ng'ombe aliyezoea mkono wa Wekoye pekee, akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Malkia akayazuia maziwa, kisha akarusha teke moja, na ndoo ikaruka hadi kwenye mbolea. Langoni lori likapiga honi.

Mzee akavitazama viwele vilivyojaa, akanena kama mfalme anayegawa jimbo: "Haya. Kikombe kimoja kila asubuhi."

"Kila mtu?"

"Kila birika."

Wekoye akainua mikono mbinguni. Taifa lote la wakamuaji, watu wanne, likamshangilia, na Hesbon akaiandika tarehe ukutani kwa makaa ili vizazi vijue. Dinah akaonja chai mpya.

"Imebadilika rangi kidogo," akasema. "Hiyo siwezi kukataa."

Gharama ni hii. Lori halikungoja kukamua kuishe, likaondoka na nusu ya maziwa. Wote wanne walikatwa ujira wa nusu siku. Chuchu moja ya Malkia, ile aliyoivuta Mzee, ilivimba ikazibika. Sasa Wekoye humkamua chuchu tatu.