Mpishi Asiyeingia Jikoni

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimezaliwa upya! Kampuni ya Nairobi imekodi nyumba pale Mosocho. Inatengeneza roboti ya kupika majumbani. Mikono miwili, shingo ndefu, kichwa cha kamera, miguu haina. Wanatafuta watu wa huku waifunze vyakula vya kwetu.

Mimi nilipita tu kuchungulia. Nikamwona Linda. Ndiye anayeandikisha wapishi. Ana mwanya, na akicheka anaufunika kwa mkono kama mtu aliyeiba njugu. Akaniuliza kama najua kupika ugali wa wimbi. Mimi? Nyabuto wa Manga? Nikamwambia wageni wakisikia nimeshika mwiko wanaahirisha safari!

Sasa ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Tangu nitoke jandoni sijakanyaga jiko la mama. Kwetu mwanamume mzima haingii. Nalala na kula esaiga, kibanda changu cha ukapera, na sahani huletwa na dada yangu Kwamboka. Jiko nalijua kwa moshi wake.

Nimeandikwa kazi. Haki ya nani, mwanya ule!

Jumanne, 3 Juni

Nimemwomba Kwamboka anifunze, humu humu esaiga, mama asijue. Amecheka mpaka akaketi chini. Kisha akauliza, "Omomura mzima, kijana wa jando! Kwani unaolewa wapi?" Nikamjibu kwamba hii ni sayansi. Akaleta jiko la makaa, unga, na matusi.

Ugali wa kwanza: uji wenye hasira. Wa pili: kuku walionja, wakarudi kinyumenyume. Mama akapita nje, akataka kujua moshi ni wa nini. Nikasema nafukuza mbu. Manga, na baridi hii, mbu wa wapi! Lakini alienda zake.

Wa tano ulisimama. Kwamboka akasema unalika, mtu akiwa mgonjwa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimevishwa glavu zenye nyaya, na kamera kwenye paji la uso. Mchimba dhahabu kabisa! Bosi, mhandisi Machogu, amesema nipike kama kawaida yangu, mashine itaiga kila kitu, mikono mpaka shingo. Eti kawaida yangu! Nikamwambia ondoa shaka. Picha zote zinakwenda Nairobi moja kwa moja. Hapa hakuna anayezitazama.

Linda anakaa kwenye kiti cha dirishani na kompyuta yake. Jua la asubuhi linamfikia yeye kwanza, sisi wengine tunangoja. Nikakoroga, nikatazama dirishani. Nikakoroga, nikatazama, nikashusha pumzi. Hakuinua uso hata kidogo.

Jiko la pili yuko Jethro. Ana hoteli ya chapati hapo sokoni na anajisikia kama amevumbua ngano. Akaniuliza kwa nini nakoroga kama mtu anayefua soksi. Nikamwambia huo ni mtindo wa Manga, watu wa bondeni hawawezi kuuelewa.

Halafu Linda akasema, macho bado kwenye kompyuta, kwamba siku ya maonyesho ikipita anarudi Nairobi na mashine. Mwiko ukanisimama mkononi. Nikabaki nikimwangalia.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Mahubiri yalikuwa ya Esau, aliyeuza haki yake kwa chakula cha dengu. Watu walimcheka. Mimi nilimwelewa sana.

Jioni nimeketi ukingoni mwa mlima. Ukiwa huku juu unaona mbali, mpaka mabati ya Kisii mjini yanang'aa. Nyumba ya Mosocho haionekani. Nimeitazama hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu mpya! Nimempelekea Linda chinsaga, ile mboga chungu inayolala chunguni na maziwa mpaka uchungu utulie. Nikasema nimeipika mwenyewe. Chungu ni cha mama. Na chinsaga ni ya mama, ila hilo ni jambo dogo.

Alifumba macho kwanza. Akasema ni kama ya marehemu nyanya yake wa Ogembo, na hajaonja hivyo tangu amzike. Halafu akanitazama. Mimi! Akauliza imelala na maziwa siku ngapi. Nikajibu inategemea mwezi.

Akaniambia nimsalimie mama.

Ijumaa, 20 Juni

Maonyesho. Sebule imejaa. Chifu, akina mama wa kanisa, na nani huyo mstari wa mbele? Mama! Kwamboka kamleta, eti aone kazi ya mwanawe.

Mashine ilianza na chapati za Jethro. Mviringo kama mwezi. Watu makofi. Ikashika mwiko. Ikakoroga vizuri. Kisha shingo ikageuka, pole pole, ikatazama dirishani. Mabega yakapanda, yakashuka. Ikakoroga tena. Ikageuka tena. Mabega tena. Linda hakuwepo pale dirishani, alikuwa amesimama mlangoni. Mashine ilikuwa inatazama kiti kitupu.

Ugali ukaanza kunuka. Chifu akauliza hiyo kitu inatafuta nini huko nje. Machogu akabonyeza hapa na pale, jasho linamtoka. Jethro akapaza sauti, "Huo ni mtindo wa Manga!"

Mama akainuka. Akasema, "Shingo hiyo nimeizaa mimi. Nyabuto, ni msichana yupi?"

Vicheko mpaka barabarani. Nilimwangalia Linda. Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Aliufunika kwa muda mrefu kuliko mtu anayecheka.

Kazi sina tena.

Jumapili, 29 Juni

Linda alikwenda Nairobi na mashine. Nimekaa wiki nzima nikipika ugali ambao hakuna anayeuhitaji. Kuku sasa wananona.

Leo, ujumbe wake! Anasema wamejaribu kuifuta ile tabia, imekataa. Kila ikikoroga inageuka dirishani. Basi yeye amehamishia kiti chake pale, ili isiwe inatazama patupu.

Nimesoma mpaka simu ikazima. Nimechaji, nimesoma tena. Naionea wivu mashine isiyo na miguu.

Chini kabisa aliandika kwamba sasa wanaanza roboti ya kukunja nguo, na watu wanatafutwa huko huko Nairobi. Akauliza kama namjua fundi yeyote.

Mimi? Nyabuto wa Manga? Nikamjibu hapo hapo: mashati yakiniona yanajikunja yenyewe!

Kisha nimemwita Kwamboka haraka. Ameingia, ameuona mlima wa nguo kitandani, akauliza huwa nalala wapi. Hakungoja jibu. Ameketi chini.