Mapigo Mia Moja Ishirini na Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Kibonge wangu sasa hivi kalamba ukurasa huu. Miezi minane, tayari msomi! Naandika nikiyazunguka mate.

Habari kubwa: watafiti wamekuja zahanati. Wanakubana kidole kwa kibanio chenye waya, unafumba macho, unahesabu mapigo ya moyo wako dakika nzima bila kujigusa. Mashine nayo inahesabu. Atakayeikaribia zaidi Ijumaa anapewa kazi ya kuwaelekeza wengine. Koti jeupe! Kiti kinachozunguka! Mimi, wa darasa la saba! Wifi yangu naye kajiandikisha. Eti ananisindikiza.

Jumanne, tarehe 4
Jaribio la kwanza. Moyo kimya kama mgeni mwenye njaa. Nikabahatisha arobaini. Mashine: sabini na nane. Wifi kakosea sita tu. Kanitazama kama yeye ndiye aliyeugundua moyo.

Jumatano, tarehe 5
Nimepata dawa! Fundi cherehani jirani kasema moyo uliotulia hupiga kama sabini. Sasa kusikiliza kwa nini? Nikaenda, nikafumba macho kitakatifu, nikataja sabini. Mashine: mia moja na nane! Furaha ya ushindi iliutimua mbio. Moyo gani huu, unakaa kwangu unamfanyia kazi wifi?

Ijumaa, tarehe 7
Leo nimekwenda na Kibonge kifuani, shuka juu yetu. Mkono wenye kibanio mezani, wa pili ukapenya chini ya shuka hadi kifuani. Nikaupata! Du-du-du-du! Mtamu, jamani! Machozi yakanilenga. Nikatangaza: mia moja ishirini na sita!

Mashine: themanini na moja.

Mtafiti akafunua shuka. Kiganja changu kilikuwa kwenye kifua cha Kibonge. Akambana Kibonge kidole gumba cha mguu kwa kile kibanio, kwa utani tu. Mia moja ishirini na sita! Chumba kizima makofi. Kibonge akapiga chafya.

Kazi kapewa wifi. Mtafiti kasema mimi nimedanganya. Mimi nilichosikia ni kwamba nina kipaji.

Jumamosi, tarehe 8
Wifi kaja na koti lake, kaniahidi nitazunguka kwenye kiti akitoka mkubwa wake. Roho nzuri, nakiri.

Lakini Jumatatu wanapima wazee, na nafasi ya kuelekeza imebaki moja! Nimemwandikisha mama mkwe. Nitakaa nyuma yake, nimfinye bega mara sabini, yeye ahesabu kufinywa. Tukishinda, koti tutavaa kwa zamu. Hapa hakuna wa kunikam

Wifi anapiga kelele, Kibonge analamba koti jeupe, nakuja, wifi yangu, naku