Msala Uliokataa Kulala Chini

Wenzangu wa Mbuchi, leo nimeaibika. Nyumbani kwangu, mbele ya shehe, kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwanaidi mnamjua. Kamaliza chuo kikuu Dar, kasomea biashara, maana tangu soko liwe huria kila mtu anaimba biashara. (Na mimi niliimba, tena kwa sauti.) Alama zimekuja za chini. Mwenyewe anasema hesabu zile hazikumwingia. Sasa kuna chuo cha watu binafsi, hivi vinavyoota siku hizi, kimekubali kumpokea vivyo hivyo asome uzamili wa biashara. Hataki! Anataka arudi mwanzo kabisa, asome shahada nyingine ya kwanza, ya uuguzi.

Asubuhi nikamkalisha. Mimi nashona msala mpya, nauzungusha kutoka katikati, yeye ananipa ukili wa miyaa uliokwisha kusukwa.

"Miaka yote ile uitupe, ukakae darasani na watoto?"

"Bibi, nisichokielewa chini, juu nitakielewaje?"

"Songa mbele! Huko mbele patanyooka."

Kisha akaugusa msala. "Bibi, hapa katikati pamevimba. Umekaza sana."

"Nimeanza kushona mama yako hajazaliwa. Pembeni patajinyoosha." (Mdomo huu, jamani!)

Nilikuwa nimemwita shehe aje anisaidie kumbana Mwanaidi. Kafika, tumezungumza kidogo, adhuhuri ikaingia. Nikamtandikia msala wangu mpya, ingawa haujaisha, kwa maringo. Sisi wawili tukasimama nyuma yake.

Kurukuu, salama. Akaenda kusujudu. Magoti yalipokandamiza huku, ncha ya mbele ikainuka kule, ikampiga kofia. Akainuka, ikatulia. Akasujudu tena, ikamrudia!

Mnajua, ukicheka swala imeharibika. Ya Mwanaidi iliharibika rakaa ya pili, akakimbilia uani. Mabega ya shehe yakaanza kutetemeka. Nikadhani ni unyenyekevu. Akatoa salamu ya kulia. Akatoa ya kushoto. Ndipo akapasuka, machozi mpaka kwenye ndevu.

"Bi Tatu, umenishonea msala au mtumbwi?"

Jirani akasikia. Jirani akisikia, Kibiti nzima imesikia.

Mwanaidi akarudi, macho mekundu kwa kucheka, akauchukua msala. Nilijua atanisuta. Hakunisuta. Akaniuliza tu, kwa adabu zake zote, "Bibi, tuendelee kushona?"

Hapo ndipo paliponiuma. Nikamtazama shehe aniunge mkono, si ndicho nilichomwitia? Anajipangusa macho kwa kanzu. Nikautazama msala. Pale katikati pamesimama kama chungu kilichopinduliwa, na mizunguko yote niliyoizidisha juu yake imepinda kufuata palepale. Kadiri nilivyokwenda mbele, ndivyo ulivyopinda.

"Fumua," nikamwambia.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka katikati."

Tumefumua wote wawili, shehe akinywa kahawa yake. Ukili umetoka mzima, una vitundu vya sindano tu. Nimeuviringa nikauweka mapajani, nikauliza bila kumtazama mtu, "Hao wauguzi, masomo yao wanaanza lini?"

Mwanaidi akacheka tena. Yeye nimemruhusu. Nyie wengine, atakayecheka, msala wake ataushona mwenyewe.