Mbuzi Ndani ya Simu

Jumatatu, 6 Oktoba
Hesabu ya asubuhi: nchi hii ina lugha zaidi ya mia mbili. Simu inajua nne. Zilizobaki zote ni zangu! Madame Delphine wa mradi wa chanjo anatafuta sauti ya Kilamba ya kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo. Wakubwa wanaita ujanibishaji: simu iongee kama watu wa mahali. Nikiipata kazi hii, lugha nyingine zitafuata. Nikiikosa, itakwenda kwa Kabwe wa Bel-Air, mwenye shahada na kiyoyozi. Mimi nimejijenga kwa joto. Nilimwambia Madame kwamba mimi, Lombe, ni Mulamba kamili. Kweli. Ila Kilamba changu kinaishia kwenye salamu na chakula. Sikuona haja ya kumsumbua na hilo.

Jumanne, 7
Katuba, kwa Mama Chilufya wa kwaya. Tatizo dogo: yeye ni wa ukoo wa Chui, mimi wa Mbuzi. Banungwe, watani wa koo. Chui akimwona mbuzi lazima amtukane, hata matangani, na mbuzi haruhusiwi kukasirika. Sijakaa bado: "Mbuzi weye, nani alikufungula kamba?" Nikamjibu kwamba chui wa siku hizi hawana meno. Akacheka, akakubali kuwa sauti yangu ya Kilamba. Utani ni utani, kazi ni kazi.

Jumatano, 8
Tumerekodi sebuleni kwake. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anageuza. Sauti gani ile! Mvua ya kwanza juu ya mabati. Nje mijakaranda inamwaga maua. Nikafumba macho. Nikaona simu zote, kutoka Kipushi hadi Sakania, zikinong'ona jioni, lugha zikipanda kama moshi wa mkaa, na mimi juu yake naelea kwenye kiti cha ofisi. Sentensi zake zilikuwa ndefu kuliko zangu. Neno la mbuzi nililisikia, mara kadhaa. Nikawaza: Kilamba, lugha tajiri.

Nikamtumia Madame rekodi. Imehakikiwa na wazungumzaji wawili, niliandika. Mimi na marehemu baba.

Ijumaa, 10
Balaa! Madame amepiga simu. Sauti imejaribiwa zahanati. Kila kikumbusho kina mkia: mlete mtoto Alhamisi, na mkimwona Lombe, yule mbuzi, mfungeni. Nikakimbia Katuba kulalamika. Mama Chilufya alishangaa kweli. Mbuzi ameketi mbele yake, amefumba macho, naye anyamaze? Ukoo ungemwonaje? Tena nimekasirika, na mbuzi akikasirika anatoa kuku. Nimetoa kuku.

Jumatatu, 13
Akina mama wamependa! Wanasikiliza mpaka mwisho, wanarudia, wanaita majirani. Zahanati imejaa watoto. Wengine wamekuja na kamba. Madame amesema hakuna neno litakaloondolewa, na kazi yote amempa Mama Chilufya, moja kwa moja. Mimi nimeshukuriwa. Kabwe alinipigia, akalia kama mbuzi, akakata.

Jumanne, 14
Nimekaa chini ya mijakaranda, nimefikiri. Kosa lilikuwa Kilamba. Sasa nahamia lugha ya Kisanga! Nimepata mtu Kambove, Mama Christiane, sauti kama umande. Ukoo wake sikuuliza. Hayo mambo ya zamani. Nilipotaja wangu alicheka sana, akauliza mbuzi anafika na basi la saa ngapi, awashe moto.

Mama mkarimu. Naondoka kesho.