Kigari cha Magurudumu Matatu na Mtoto Asiyelia

Dhamana alimwona yule mama mara tu alipoingia dukani, na moyo ukamwambia kwamba riziki imefika. Alikuwa mama wa makamo ya juu, viatu vya raba vyeupe, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, na kifuani amembeba mjukuu aliyezongwa blanketi la manjano mpaka haonekani hata pua. Alikwenda moja kwa moja kwenye vigari vya watoto. Akaliminya tairi la mbele la kigari kimoja cha magurudumu matatu kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akageuza kibandiko cha bei, akakisoma, akaivaa miwani, akakisoma tena. Dhamana alikuwa ameona wengi wakifanya hivyo. Mtu anayesoma bei mara mbili huwa tayari kusikiliza maneno mengine.

Jina la Dhamana hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu kila alichowahi kuuza, iwe pasi, saa au feni, alikiuza kwa dhamana ya maisha, ila hakuwahi kueleza ni maisha ya nani. Miezi hii alikuwa amehamia kwenye vigari vya watoto. Yeye mwenyewe alikuwa baba wa binti wa miezi miwili, na malezi yalikuwa yamemfunza jambo moja kubwa: mwenye mtoto mchanga hapati usingizi, na asiyelala hakagui boksi.

Maana biashara yenyewe ilikuwa ya boksi. Alikuwa akisimama dukani kama mteja, anamtisha mnunuzi kuhusu kila kigari kilichopo, halafu anamnong'oneza kwamba anacho kizuri zaidi kwa nusu ya bei. Mnunuzi anapelekwa kwenye ushoroba wa nyuma ya jengo, anaonyeshwa kigari safi cha mfano, anakisukuma, anakipenda. Kisha anakabidhiwa boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi, ambamo eti mna pacha wa kigari kile. Ndani ya boksi mlikuwa na vigae vya bafuni, vya bluu vyenye ua jeupe, vilivyobaki pale Dhamana alipowahi kufanya kibarua cha ujenzi. Alivizungushia magazeti visigongane. Alikuwa mtu mwangalifu.

Shida ilikuwa moja tu. Kigari cha mfano hakikuwa chake. Kilikuwa cha binti yake, na kilinunuliwa na mkewe kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Kila alipokihitaji, Dhamana alikitoa nyumbani kwa kisingizio.

"Nakipeleka kukaza skrubu," alisema asubuhi ile.

"Skrubu gani hizo za kulegea kila wiki?" mkewe aliuliza, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Magurudumu matatu, mama. Si mchezo."

"Saa saba kiwe hapa. Saa nane tuna kliniki, na unajua daktari alisema nini."

Dhamana alijua. Binti yao alizaliwa kwa upasuaji, mshono ulichelewa kupona, na daktari alikataza mama asibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Kliniki ilikuwa juu ya mlima. Bila kigari, hakuna kliniki. Dhamana aliahidi saa saba kamili, na tusimwonee: aliahidi kwa moyo mweupe. Alimpenda mkewe na alimpenda binti yake. Alikuwa na watu wawili tu duniani ambao hakupenda kuwadanganya, na aliwadanganya kidogo kidogo, inapobidi.

"Shikamoo, mama," akamsogelea yule mnunuzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe kuingilia. Hicho usikichukue."

"Kina nini?"

Dhamana akatazama kulia na kushoto, asije akasikiwa na vigari vyenyewe. "Gurudumu la mbele halifungi. Ukifika kwenye mteremko, lenyewe ndilo linaloamua pa kwenda. Hiki cha matatu, mama, kikiwa kizuri unakigeuza kwa kidole kimoja. Kikiwa kibaya, kinabinuka kwenye kona ya kwanza."

"Na vile vya magurudumu manne?"

"Vizito. Ukitaka kukata kona lazima uombe ruhusa." Alishusha pumzi ya mtu aliyeteseka. "Mimi nina pacha. Maduka yote nimeyamaliza."

"Pacha? Hongera. Walizaliwa na kilo ngapi?"

Katika kazi yake yote, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Kilo nne," akasema.

"Wote wawili?"

"Kila mmoja nne."

"Maskini mama yao," alisema yule mama, na uso wake haukubadilika.

Dhamana akamweleza yaliyobaki: shangazi yao wa nchi za nje kaleta vigari viwili vya mtoto mmoja mmoja, lakini yeye na mkewe sasa wanataka kimoja cha kubeba wawili. Kimoja kimefunguliwa, kingine bado kimo ndani ya boksi lake. Yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu, akamfuata mpaka ushorobani.

Pale alikikagua kigari kwa namna iliyomtia Dhamana heshima. Alifunga gurudumu la mbele akalifungua. Alikanyaga breki, akasukuma, akaona hakiendi. Alihesabu mikanda ya kumfungia mtoto, mitano, akavuta mmoja mmoja. Alikunja kigari kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili, akakikunjua tena. Mwisho akashika kifungo chekundu kwenye kifuniko cha jua, kilichoshonwa kwa uzi wa bluu.

"Hiki si cha kiwandani," alisema.

"Mke wangu huyo. Cha mwanzo kilidondoka. Cha kwako kipo vilevile kilivyotoka kwao, mama, na dhamana ya maisha."

"Kizuri. Ila humu ndani kuna sakafu ya kuteleza. Mimi nakaa penye mashimo." Akatafakari. "Acha nikizungushe jengo mara moja, kule kwenye kokoto. Kikinipendeza nachukua cha kwenye boksi, na hiki nakiletea mteja mwingine leo leo."

Dhamana alipiga hesabu ya wateja wawili, akatabasamu. Halafu akasita. "Tuzunguke wote, mama."

"Na boksi tumwachie nani? Tena mjukuu simpeleki kwenye vumbi." Akamsogezea lile blanketi la manjano. "Nishikie mtoto. Ndiyo kwanza kalala, tangu alfajiri analia. Usimfunue, baba yangu, usimtikise. Akiamka sasa hatutaelewana mpaka jioni."

Hapo ndipo Dhamana aliponaswa, na ni baba wa mtoto mchanga peke yake ambaye angenaswa hapo. Mtu mwingine angefunua blanketi. Lakini Dhamana alikuwa na miezi miwili ya kutembea chumbani kwa ncha za vidole, ya kupiga chafya ndani ya mto. Polisi hakuwaogopa sana. Alichokiogopa ni mtoto aliyelala kuamka. Akaupokea mzigo ule kwa mikono miwili, akazuia pumzi, akanong'ona, "Nenda mama, usijali." Na kwani bibi gani atamtelekeza mjukuu wake kwa ajili ya kigari?

Yule mama akaweka mkoba wake ndani ya kigari uwe mzigo wa majaribio, akasukuma, akakata kona kwa kidole kimoja.

Ilikuwa saa tano na nusu.

Mtoto alikuwa mzito wa kutosha, mgumu kidogo mgongoni. Nepi, Dhamana alijiambia, siku hizi wanazijaza sana. Akaanza kuyumba kushoto na kulia kama anavyofanya nyumbani. Mtu wa usafi alipokuja na ndoo, Dhamana alimkazia macho na kuweka kidole mdomoni, na yule mtu akapita akinyatia. Wanawake wawili wakatoka dukani wakicheka, akawanyamazisha nao. "Baba mzuri huyo," mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini. Dhamana akajisikia vizuri. Akaongeza na wimbo, ule wa binti yake, aliotunga mwenyewe na usio na maneno.

Saa sita ikapita. Jengo lile halikuwa kubwa hivyo. Yule mama huenda alikutana na mtu, wazee wana maongezi. Saa sita na nusu Dhamana aliacha kuimba. Mtoto alikuwa hajalia, hajajinyoosha, hajapiga miayo. Binti yake hakuwahi kutulia hivyo hata dakika kumi. Dhamana akainamisha sikio kwenye blanketi asikilize pumzi, na hakusikia kitu.

Akawaza: Mtoto wa watu amekufa mikononi mwangu. Alilia kwa ndani, akaomba kwa ahadi ambazo hatutazirudia hapa kwa kumsitiri, akalifunua blanketi. Kulikuwa na taulo. Ndani ya taulo kulikuwa na gazeti. Ndani ya gazeti kulikuwa na vigae vinne vya bluu vyenye ua jeupe.

Kwanza alishukuru. Tena alishukuru kwa sauti, akaketi chini sakafuni, akavipapasa vile vigae kuhakikisha kwamba hakuna aliyekufa. Ilimchukua muda kidogo kutambua kwamba vigae vilikuwa vyake, gazeti lilikuwa lake, na hata utepe wa gundi uliobandikwa pembeni aliukata yeye kwa meno yake. Muda mwingine kidogo ukapita ndipo akaangalia saa. Ilikaribia saa saba.

Mkewe alikuwa ameshavaa. Mtoto alikuwa ameshavishwa kofia, kadi ya kliniki ikiwa tayari mezani.

"Kigari?"

"Kimebaki kwa fundi. Springi."

"Asubuhi zilikuwa skrubu."

"Alipofungua skrubu akakuta springi."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu kuliko Dhamana alivyopenda. "Basi utambeba wewe," alisema.

Akambeba. Alipanda mlima wote na viatu vyake vipya vya ngozi, vyenye ncha, alivyojinunulia mwezi uliopita baada ya kuuza boksi moja kwa binti mmoja mjamzito aliyekuwa akisinzia kwa uchovu akiwa amesimama. Viatu vilimbana vidole kila hatua. Binti yake alimtemea maziwa begani, na mkewe alitembea kando yake polepole, ameshika tumbo.

Kwenye baraza ya kliniki, benchi lilikuwa limejaa. Mwisho wa benchi, kando ya mama kijana mwenye macho ya usingizi, kilikuwepo kigari cha magurudumu matatu, na ndani yake mtoto mchanga kabisa. Nyuma ya kigari, akiwa ameshika mpini, alisimama mama mwenye viatu vya raba vyeupe. Muuguzi alipita akamsalimu kwa adabu: "Shikamoo, mkunga. Kustaafu kumekushinda?"

"Marahaba. Leo nimekuja kama bibi tu," alijibu, na macho yake yakatua kwa Dhamana. Hakuyaondoa.

Dhamana alijificha nyuma ya kofia ya binti yake, ambayo ilikuwa ndogo sana kwa kazi hiyo.

Mkewe alikuwa ameshakiona kifungo. Fundi wa kushona huijua kazi yake. Akainama, akakigusa, kifungo chekundu, uzi wa bluu.

"Dada, kigari kizuri. Umekipata wapi?" akauliza taratibu.

"Wee acha," alisema mama kijana, ambaye hakuwa ameinua macho kumtazama Dhamana. "Nililipia mwezi uliopita kwa kaka mmoja pale nyuma ya duka. Nimetoka kujifungua, nafungua boksi, nakuta vigae. Nililia siku tatu. Mama akasema atakifuata mwenyewe. Kaenda pale dukani kila asubuhi wiki nzima, leo kamkuta. Eti ni baba wa pacha."

"Pacha," alisema mke wa Dhamana.

"Kilo nne kila mmoja," alidakia mkunga.

Dhamana alisubiri kelele. Alizitaka kwa kweli, kelele huwa zina mwisho. Mkewe hakupiga kelele. Alitazama viatu vyenye ncha, akamtazama mtoto aliyelala ndani ya kigari, akakivuta kile kifungo kidogo kuona kama kimeshika.

"Kikilegea niletee," alimwambia mama kijana. "Nashonea pale nyuma ya shule, mlango wa kijani. Kwako ni bure."

Mkunga alivua miwani, akaipangusa. Alikuwa amekwenda kumwibia mwizi, wala hakujua kwamba kuna mtu mwingine nyuma yake. Akamsogeza binti yake kwenye benchi, akampa mke wa Dhamana nafasi ya kukaa.

Walipomaliza kupima, mkewe alitoka wa kwanza. Mlangoni akageuka, akamwashiria muuguzi ampe Dhamana blanketi la binti yao na kilichokuwemo.

"Nishikie mtoto," alisema. Akatangulia kushuka, kadi mkononi, bila kugeuka nyuma.

Dhamana alibaki pale amesimama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakukuwa na wa kumwuzia maneno. Mzigo ulikuwa na uzito uleule wa asubuhi. Kabla hajapiga hatua hata moja alifunua pembe ya blanketi. Binti yake alikuwepo, macho wazi, akimkagua. Halafu akakunja uso, akafungua kinywa, akalia kwa nguvu zake zote mpaka benchi zima likageuka.

Dhamana hakumnyamazisha. Alimfunga kofia vizuri, akashuka naye mlima nyuma ya mkewe, viatu vikimbana, akimsikiliza.